Sekunde Arobaini na Nne

Tumelelewa na methali mbili zisizopatana. Moja inasema mvumilivu hula mbivu. Nyingine inasema juhudi haiondoi kudura. Ya kwanza tunapewa kabla ya mtihani. Ya pili tunapewa baada ya matokeo. Ni nadra mtu kutuuliza kama zote mbili zinaweza kuwa kweli juu ya mtu mmoja.

Mtazame Bethany Shriever, Mwingereza anayeshindana katika mbio za baiskeli za BMX. Alianza utotoni katika klabu ya Braintree, Essex, na mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Kipaji chake hakikuwa na ubishi. Lakini baada ya Olimpiki ya Rio ya 2016, UK Sport, chombo kinachogawa fedha za michezo nchini humo, kiliamua kufadhili wanaume peke yao katika BMX. Fedha zilifuata matarajio ya medali. Shriever akafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu, wazazi wakamsaidia, naye akachangisha fedha mtandaoni ili asafiri kwenda kutafuta kufuzu. Baadaye shirikisho la baiskeli lilimrudisha katika programu yake.

Tarehe 30 Julai 2021, jijini Tokyo, alitwaa dhahabu kwa sekunde 44.358. Mariana Pajón wa Kolombia, bingwa wa 2012 na 2016, alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.090. Muda huo haumtoshi mtu hata kupepesa jicho.

Watoa hamasa wangefunga hadithi hapo: alivumilia, akala mbivu. Lakini siku hiyohiyo, katika uwanja uleule, Connor Fields wa Marekani, bingwa wa Rio, alianguka kwenye nusu fainali na kuvuja damu kwenye ubongo. Alinusurika. Je, tuseme yeye hakuvumilia vya kutosha?

Miaka mitatu baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, Shriever alishinda kila mbio aliyoshiriki hadi fainali. Katika fainali akamaliza wa nane, yaani wa mwisho. Dhahabu ikaenda kwa Saya Sakakibara wa Australia, ambaye kaka yake Kai, mshindani wa BMX pia, aliumia vibaya kichwani kwa ajali ya mwaka 2020. Mwanamke aliyeshinda Tokyo na aliyeshika mkia Paris ni mmoja. Kama medali ndiyo kipimo cha anachostahili mtu, basi stahili yake ilipotea ndani ya dakika moja isiyotimia. Hilo haliingii akilini.

Kustahili na kupata, basi, ni vitu viwili. Juhudi humfikisha mtu kwenye geti la kuanzia pamoja na wengine saba waliojituma kama yeye. Kuanzia hapo gurudumu la jirani, upepo na kona navyo vina kauli. Mshindi anaweza kuishukuru bahati bila kuidharau kazi yake, na aliyeshindwa hadaiwi maelezo ya tabia yake.

Ila tusiitumie methali ya pili kama shuka la kufunikia kila kitu. Kuteleza kwenye kona ni bahati. Kunyimwa ufadhili kwa kuwa wewe ni msichana ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, na watu huulizwa. Kudura haiketi kwenye kikao cha bajeti. Nao ushindi wa Tokyo haukuusafisha uamuzi ule. Ungekuwa na kasoro ileile hata kama Shriever angechelewa kwa sekunde 0.091 na sisi tusingelijua jina lake.

Wasichana wa namna hiyo, ambao majina yao hatuyajui, ndio wanaonifikirisha zaidi. Walivumilia, na mbivu zikagawiwa kabla hawajafika.