Amana ya Breki

Katika viungo vyote vya gari, hakuna kinachosifiwa kidogo kama breki. Mtu anunuapo gari husifu mwendo wake, rangi yake na ulaini wa viti vyake. Wala sijapata kumsikia mtu akiwaita jirani zake waje kutazama jinsi gari lake linavyosimama. Hata hivyo, kwenda kwa gari ni haja ya mwenye gari peke yake, bali kusimama kwake ni haja ya watu wote: mtoto avukaye barabara kwenda shule, mwanamke mwenye mzigo wa kuni, mzee juu ya baiskeli yake, na hata ng'ombe wa mtu. Hao hawakuulizwa kama wameridhika na breki za gari lile. Maisha yao yamewekwa amana mikononi mwa mtu wasiyemjua, na wao wenyewe hawana habari.

Kwa sababu hiyo nataka kuwauliza wasomaji wangu swali lililonisumbua kwa miaka kadhaa. Je, mtu ambaye si fundi ana haki ya kutengeneza breki za gari lake nyumbani? Yamkini wengine wataona kuwa swali hili ni la watu wenye mafuta mikononi, halistahili kuingia katika kitabu cha insha. Nawaomba wavumilie kidogo.

Gari langu ni Toyota Corolla lililoundwa Japani mwaka 1998. Naishi Wundanyi, katika milima ya Taita, na kila atokaye kwetu kwenda Voi hana budi kuteremka hadi Mwatate kwa njia ipigayo kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Siku moja nilisikia sauti ya chuma kikikwaruza chuma kila nilipokanyaga breki. Nilistaajabu, maana miezi miwili tu iliyopita nilikuwa nimelipa gereji moja initilie pedi mpya. Nilipoondoa magurudumu ya mbele niliona kisa chake. Gurudumu la kulia lilikuwa na pedi mpya. La kushoto lilikuwa na zile za zamani, zimekwisha kabisa, na bamba la chuma lililozishika lilikuwa limeichimba diski mifereji kama jembe katika shamba. Gereji hiyo sitaitaja. Huenda ilikuwa hila, na huenda ilikuwa usahaulifu wa kijana aliyeitwa kula chakula cha mchana katikati ya kazi. Baadaye katika habari hii mtaona kwa nini simhukumu kwa ukali kama nilivyomhukumu siku ile.

Watu wengi niliowaeleza habari hii walinishauri nitafute fundi mwingine. Shauri hili lina busara, kwa kuwa fundi amejifunza kazi yake na mikono yake imezoea. Walakini nilipolichunguza niliona kuwa ndani yake mna jambo jingine lisilosemwa. Tumpapo fundi kazi, twanunua ustadi wake, na pamoja na ustadi huo twanunua mtu wa kulaumiwa. Breki zikikataa, tutasema: fundi alikosea. Dhamiri zetu zitalala usingizi. Lakini mtoto aliyegongwa hapati nafuu yoyote kwa kulijua jina la aliyekosea. Haki yake haikuwa kwamba apatikane wa kulaumiwa. Haki yake ilikuwa kwamba gari lisimame.

Upande wa pili wako wale wasemao kwamba mtumai cha ndugu hufa maskini, na kwamba mwanamume hutengeneza chake mwenyewe. Hao nao siwaamini sana. Aghalabu mtu huyaita majivuno yake kujitegemea, na ubahili wake huuita uangalifu. Mimi mwenyewe nakiri kuwa fedha ilikuwa moja ya sababu zangu. Nilikuwa nimelipa mara moja, na sikutaka kulipa tena.

Niliazimia kuifanya kazi, lakini si peke yangu. Jirani yetu mmoja ni mzee aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamweleza nia yangu. Hakunisifu wala hakunikataza. Aliniuliza, "Mwanangu, umeandika utakayofanya, au unayo kichwani tu?" Nilikuwa nayo kichwani tu. Akanirudisha nyumbani nikayaandike.

Wanafunzi wa fizikia wanajua sababu ya kuiheshimu kazi hii. Gari liendalo lina nishati, na breki hazina kazi nyingine ila kuigeuza nishati hiyo iwe joto. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Yaani gari liendalo kilomita 80 kwa saa linazidai breki zake mara nne ya kile linachodai likienda kilomita 40. Sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika vipande viwili vya chuma vya mviringo vilivyo nyuma ya magurudumu ya mbele, na katika pedi zinazovibana. (Breki za namna hii si jambo la jana. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902, ila watu wengi hawakuzitilia maanani hata gari la Jaguar lenye breki za diski liliposhinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953.)

Diski hizi zina mpaka wake. Ukingoni au katikati pamepigwa chapa ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa milimita. Zangu zilikuwa na mpaka wa milimita 20. Niliazima kipimo cha vernia katika maabara ya shule yetu, nikaona kuwa ile ya kushoto imekwisha kuvuka mpaka, na ya kulia imebakiza kidogo. Rafiki mmoja alinishauri ninunue moja tu. Mzee alikataa: vitu hivi hubadilishwa viwili viwili, kwani gurudumu moja likishika kwa nguvu kuliko jingine, gari huvutwa upande, na kwetu upande mmoja ni bonde.

Jumamosi asubuhi tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, tukaliinua gari kwa jeki, kisha tukalitegemeza juu ya stendi za chuma, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Nilifungua kalipa, yaani kile chuma kinachozibana pedi, nikaitundika kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Vumbi la pedi kuukuu sikulipuliza kwa kinywa. Pedi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Afadhali kulifuta kwa kitambaa chenye maji. Diski mpya hupakwa mafuta zisipate kutu, na mafuta hayo yasiposafishwa yataingia katika pedi na kuziharibu. Niliisukuma pistoni irudi ndani polepole, huku nikilitazama kopo la mafuta ya breki lisifurike. Kazi yenyewe si ngumu. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kuifahamu kwa saa moja. Ugumu wake ni kwamba haina nafasi ya karibu-karibu. Insha yenye makosa matatu hupewa alama kumi na tano kwa ishirini. Breki yenye kosa moja haina alama ya kupewa.

Jambo moja Mzee alilirudia mara tatu. Baada ya kutia pedi mpya, pistoni zimerudi nyuma, na mguu wa kwanza juu ya kanyagio utazama hadi chini kana kwamba hakuna breki. Asiyejua hulitia gari moto, akalirudisha nyuma, na kumbe hana kitu cha kumsimamisha. Nikakanyaga mara nyingi gari likiwa limesimama, hata kanyagio likawa gumu. Jioni nililiendesha polepole katika uwanja tambarare, nikishika breki taratibu ili pedi na diski zizoeane. Lilisimama vizuri. Mzee akaenda zake kulala, nami nikala chakula changu kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo.

Saa tano usiku mlango ulibishwa. Alikuwa kijana mmoja wa jirani, na uso wake haukuhitaji maelezo. Mke wake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, zahanati ilikuwa imeamua apelekwe Voi, na gari jingine halikupatikana. Nilichukua ufunguo. Nilipougusa mlango wa gari, jambo likanijia moyoni. Mchana, nilipokuwa nikikaza boliti ya chini ya kalipa ya kushoto, simu yangu ilikuwa imelia. Niliipokea. Niliporudi nilishika spana, lakini je, niliirudia boliti ile, au niliendelea na gurudumu? Nililitafuta jambo hilo katika kumbukumbu yangu nisilipate.

Nikamwambia kijana yule kuwa lazima nitoe gurudumu kwanza. Akanitazama kama aliyesikia lugha ya kigeni. "Mwalimu," akasema, "si gari hili nimeliona likitembea jioni?" Nikamjibu kuwa limetembea uwanjani, halijateremka mlima. Akasema maneno mengine ambayo sitayaandika, nami simlaumu. Ndani ya nyumba yao tuliweza kumsikia mkewe. Nilifanya kazi ile kwa mwanga wa kurunzi aliyoishika yeye mwenyewe, na mwanga ulitetemeka. Ilichukua robo saa. Boliti ilikuwa imekazwa barabara.

Tuliteremka kwa gia ndogo, tukafika Voi, na kabla ya mapambazuko mtoto wa kike alizaliwa salama, yeye na mama yake.

Sasa wasomaji wengi watasema: basi, yote yaliisha vema, hakuna swali. Hapo ndipo sikubaliani nao. Kama mama yule angalifariki njiani, watu wangalisema kuwa mwalimu alimwua kwa robo saa ya kukagua boliti iliyokuwa nzima. Kama ningalikuta boliti imelegea, wangalisema kuwa mwalimu aliokoa watu wanne. Lakini mimi, niliposimama kando ya gari na ufunguo mkononi, nilikuwa mtu yule yule, na nilijua mambo yale yale. Haiwezekani tendo moja liwe jema au baya kwa sababu ya jambo lililojulikana baadaye. Tukitaka kumpima mtu kwa haki, yatupasa kumpima kwa yale aliyoyajua na aliyopaswa kuyajua saa ile.

Neno hilo, aliyopaswa kuyajua, ndilo linalonihukumu. Kukagua usiku sikukosea. Nilijua kuwa sijui, na mtu ajuaye kuwa hajui hana ruhusa ya kuteremsha wenzake mlimani. Kosa langu lilitendeka mchana, jua likiwaka, wakati nilipoipokea simu na boliti ikiwa mkononi. Hakuna aliyeliona, na kama si mlango kubishwa, hata mimi nisingalijua kuwa nimekosa. Robo saa ile ya uchungu wa mama yule niliiazima mchana kwa maneno machache ya simu ambayo leo siyakumbuki. Ndipo nilipomfikiri tena yule kijana wa gereji, aliyeacha gurudumu la kushoto.

Baba wa mtoto yule alinisalimia kwa baridi kwa muda mrefu. Niliwahi kufikiri kumweleza hoja zangu hizi, nikaona hazimhusu; yeye alikuwa na haki ya hasira yake, kwa kuwa hakuna aliyemwomba ridhaa kabla ya kuipokea simu ile.

Breki zangu naendelea kuzitengeneza mwenyewe, na Mzee bado huja kukaa juu ya kigoda chake na kutazama. Simu huiacha ndani ya nyumba. Na kila boliti niikazapo huitia alama ya chaki nyeupe, chaki ile ile ya darasani, ili mtu yeyote mwenye kurunzi aweze kuisoma usiku bila kuniuliza.