Anayepima Hewa Anadaiwa Nini?

Ifakara ni mji uliozoea kupimwa. Tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, watu wa Bonde la Kilombero wamechomwa vidole, wamehesabiwa kaya kwa kaya, na wamekubali mitego ya mbu ining'inie kando ya vitanda vyao. Mwaka 1993 watoto wa Idete walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Kuanzia mwaka 1996, kaya za vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga zimekuwa zikitembelewa kila baada ya miezi michache ili kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Ni sehemu chache za Afrika ambazo mbu wake wamechunguzwa kwa muda mrefu kiasi hiki.

Katika mazoea hayo kuna kanuni moja ambayo haihitaji kubandikwa ukutani. Ukimchoma mtoto kidole ukakuta vimelea vya malaria, humwachi. Unampa dawa, au unampeleka anakopewa. Hata kama ulikuja kutafuta takwimu tu, hata kama jina lake litageuka namba kwenye jedwali, kipimo kimekufunga. Umejua, na kwa kuwa umejua, unadaiwa.

Swali langu linaanzia hapo. Siku hizi kupima hewa si kazi ya nchi tajiri peke yake. Kifaa cha kupimia chembechembe za moshi na vumbi kinaweza kuwa kidogo kuliko redio ya mkononi, kikafungwa kwenye nguzo, kikatuma namba kwa mtandao wa simu usiku na mchana. Mtu akikifunga kifaa hicho Ifakara, anadaiwa nini na wanaopita chini yake? Hewa haina kidonge cha kumeza. Huwezi kumpa mtaa mzima dozi ya siku tatu ukaondoka na dhamiri safi.

Bila shaka mtu wa Ifakara hahitaji mashine imwambie kwamba kuna moshi. Bondeni moshi una ratiba kama mpunga wenyewe. Masika yakiisha, tofali zilizofyatuliwa na kukauka hupangwa kuwa tanuru na kuwashwa, mara nyingine kwa kuni, mara nyingine kwa pumba za mpunga. Mpunga ukishavunwa na kupigwa, mabua huchomwa shambani, na kando ya mashine za kukoboa pumba huungua polepole siku nzima bila mwali. Kaskazini zaidi, kuelekea Mang'ula na Kidatu, mashamba ya miwa huchomwa kabla ya kukatwa ili majani yaishe na nyoka wakimbie, na majivu meusi yanayoelea huanguka kwenye nguo zilizoanikwa. Ongeza jiko la mkaa, jiko la mafiga, vumbi la barabara na pikipiki zisizohesabika.

Umbo la bonde nalo lina mchango wake. Ifakara iko chini, chini ya mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande mmoja Milima ya Udzungwa inapanda hadi zaidi ya mita 2,500. Usiku hewa ya baridi huteremka kutoka milimani na kulala bondeni, na hewa yenye joto hubaki juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa jioni haupati pa kwenda mpaka jua lipande.

Basi, kama pua zinajua, kifaa cha nini? Kwa sababu pua huzoea. Anayekaa jirani na tanuru huacha kulisikia baada ya wiki moja. Tena, kinachodhuru zaidi hakionekani wala hakinusi. Ni chembechembe zenye upana usiozidi mikroni 2.5, nyembamba kuliko unywele wa kichwa karibu mara thelathini, zinazoteremka hadi mwisho wa mapafu na nyingine kupenya kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza nusu kiwango linachoshauri: kutoka mikrogramu 10 kwa kila meta ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka, hadi 5. Hakuna pua inayoweza kutofautisha 5 na 25. Mapafu ya mtoto hutofautisha.

Lakini kifaa nacho huongopa. Vifaa vya bei nafuu hurusha mwanga na kuhesabu jinsi unavyotawanywa na chembe zinazopita. Unyevunyevu ukizidi, chembe huvimba kwa maji, na matone ya ukungu huhesabiwa kama moshi. Mtu aliyeko mbali, anayesoma namba za Ifakara kwenye kompyuta, anaweza kuona kilele cha saa kumi na mbili asubuhi akaandika kwamba mji unateketea, kumbe ni ukungu wa Udzungwa. Na anaweza kufanya kinyume: kudhani kila kilele cha asubuhi ni ukungu, akafuta moshi halisi wa mama aliyewasha jiko la chapati saa kumi na moja. Kifaa kinahitaji kulinganishwa na kile cha uhakika, na kinahitaji mtu aliyeamka hapo na kutazama nje. Kwa hiyo mashirikiano na wenyeji yanaanza mapema kuliko tunavyodhani. Bila mwenyeji, hata namba yenyewe haijawa kweli.

Tuseme sasa tunayo kweli. Je, ni haki kumwambia mtu kwamba hewa anayovuta inamdhuru, ilhali hana nyingine?

Hoja ya kunyamaza haiwezi kupuuzwa. Maji machafu unaweza kuyachemsha, chakula kilichooza unaweza kukitupa, lakini hakuna anayeweza kuahirisha pumzi mpaka hali itengemae. Mwambie mama ntilie wa karibu na stendi kwamba moshi wa kuni unamla mapafu, naye atakuuliza: gesi utaninunulia wewe? Ana haki ya kuuliza. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, lakini yeye anapika leo. Kumpa habari bila njia ni kumwongezea hofu juu ya moshi.

Kwa upande wa pili ninamweka mtoto mmoja wa London. Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi Lewisham, karibu na barabara yenye magari mengi ya South Circular. Alikuwa na pumu kali, akalazwa hospitali mara nyingi, na akafariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza kwa hewa chafu kuandikwa kuwa sababu ya kifo cha mtu. Kilichonikaa moyoni ni sehemu nyingine ya uamuzi wake. Vipimo vya hewa ya eneo lile vilikuwepo. Vilichukuliwa, vikahifadhiwa, vikapatikana baadaye kama ushahidi. Mama yake, Rosamund, hakuwa ameambiwa kwamba hewa ile ingeweza kumzidishia mwanawe pumu, na mchunguzi alisema kwamba angeambiwa angechukua hatua ambazo huenda zingezuia kifo.

Waliodhani mama hana la kufanya hawakumuuliza. Hilo ndilo kosa la hoja ya kunyamaza: inamwamulia mtu mwingine kwamba hana uwezo. Mama ntilie yule hawezi kununua mtungi leo, lakini anaweza kuhamisha jiko upande wa pili wa upepo, kumlaza mtoto mbali nalo, kuungana na wenzake watano wakakopa pamoja, au kusimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza kwa nini pumba zichomwe jirani na zahanati. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hii ni kweli zaidi anapoyaficha ya mwenzake.

Kwa hiyo kusema ni wajibu. Shida inayofuata ni kwamba namba ikishasemwa hutafuta wa kumwangukia, na kama maji hufuata palipo chini. Mchoma tofali hana mwanasheria. Tanuru lake linaonekana na kila mtu, anafahamika kwa jina, na mgambo anaweza kufika kwake kwa miguu. Vumbi la barabara halina jina. Moshi wa shamba kubwa uko mbali na una ofisi inayoujibia. Ukileta takwimu za hewa mjini bila kuketi na watu kwanza, matokeo yanatabirika: faini kwa fundi wa tofali na amri kwa mama ntilie kuondoka.

Tanzania tumekwisha kuliona jambo kama hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kumwaga na kuchoma taka katika makazi yao. Walilalamikia moshi, harufu na nzi. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Joseph Kessy, ilifikia mahali ambapo jiji liliomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa taka palepale, na Jaji Lugakingira akakataa. Alisema kuhatarisha maisha ya watu namna hiyo kunakwenda kinyume na ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Hati ya haki ilikuwa imeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 tu. Wakazi wa mtaa mmoja waliigeuza kuwa haki ya kupumua.

Ningependa habari iishie hapo, ila haikuishia hapo. Taka za Dar es Salaam hazikutoweka. Baada ya Tabata, dampo likawa Vingunguti, nako kulikuwa na watu. Haki ya mtaa mmoja ikawa moshi wa mtaa mwingine. Sisemi wakazi wa Tabata walikosea. Walidai kilicho chao. Nasema kwamba hewa haikubali kudaiwa na mtaa mmoja mmoja. Ukifukuza tanuru kutoka katikati ya Ifakara, kuna kitongoji kitakachopokea moshi wake, na mara nyingi hakitakuwa na kifaa juu ya nguzo.

Na kifaa chenyewe ni cha nani? Kwa miaka mingi Marekani ilipima hewa kwenye balozi zake, ukiwamo wa Kampala, na kuchapisha namba hizo wazi kwa yeyote kuzisoma. Machi 2025 ikaacha kuzitoa. Hakuna mkazi wa miji hiyo aliyeulizwa, kwa sababu hazikuwa zake. Kampala, hata hivyo, haikubaki gizani. Tangu mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, wamekuwa wakitengeneza vifaa vyao wenyewe, vinavyohimili vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika, wakavifunga hata kwenye bodaboda, na kufanya kazi pamoja na mamlaka ya jiji. Anayekupa habari ya pumzi yako kwa hisani anaweza kuichukua siku hisani ikiisha.

Ninapofikiria deni lingelipwaje bondeni, sihitaji kwenda mbali. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walijua vizuri nini kinaua watoto wa Kilombero na Ulanga. Wangeweza kuandika makala wakaondoka. Badala yake ukaja mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa: wenye maduka wakaviuza, viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya wakavieleza, na wenyeji wakahusishwa hata katika kuchagua jina, ambalo likawa Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wenye umri kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Mwaka 2004 taifa likaanza Hati Punguzo kwa wajawazito. Kati ya kidole kilichochomwa na mtoto aliyepona palikuwa na muuza duka, mwenyekiti wa kijiji na nesi wa kliniki, watu ambao majina yao hayamo kwenye jedwali lolote.

Moshi hauna chandarua. Lakini una saa, una msimu, na una watu wanaoweza kuketi pamoja. Wakulima wa miwa na kiwanda wanaweza kukubaliana siku za kutochoma, hasa hewa inapotulia usiku. Gharama ya kuvuna bila kuchoma, ambayo ni ndogo kwenye karatasi na kubwa kwa mkataji anayelipwa kwa kiasi alichokata, iwekwe mezani na ijulikane nani ataibeba. Wenye mashine za kukoboa na wachoma tofali wanaweza kupanga pumba ziende wapi kabla hazijageuka moshi wa bure. Halmashauri ya mji inaweza kuandika namba ya wiki kwenye ubao sokoni, kwa Kiswahili, pamoja na neno moja la ushauri kwa wenye pumu. Na mchoma tofali awe kwenye kikao hicho kama mjumbe anayevuta hewa ileile, kabla hajaitwa kama mshtakiwa.

Nikirudi kwenye swali, jibu langu ni kwamba anayepima hewa anadaiwa kubaki. Anadaiwa kusema alichokiona kwa lugha ya wanaovuta, kukisahihisha mbele yao kinapokosewa, na kuwapo siku namba itakapomwangukia mtu ili isimwangukie peke yake. Kama hawezi kubaki, asifunge kifaa mpaka amfundishe atakayebaki na kumwachia funguo. Watu wa Kilombero wametoa damu yao kwa sayansi kwa zaidi ya miaka sitini, na mara nyingi wamelipwa kwa kutibiwa. Sasa tunawaomba pumzi yao, na malipo yake hayajapangwa.