Mwenzenu Mmemwacha Wapi?

Mama mmoja wa parokia yetu hapa Runyenjes aliwauliza vijana wawili swali hilo Septemba iliyopita, wakiwa bado wamesimama langoni pake. Jibu alikuwa nalo. Siku nne kabla, binti yake alikuwa amempigia simu kutoka Roma akilia. Hata hivyo aliuliza, na vijana wale, ambao njia nzima kutoka Nairobi walikuwa wakipanga maneno ya kusema, waliinamisha vichwa. Walikuwa wamemletea begi la binti yake. Mama alikataa kulipokea. Alisema mwenye begi atalichukua mwenyewe, kisha akafunga lango na kurudi kwa ng'ombe wake.

Swali lile sijaweza kulitua tangu siku hiyo, na juma hili nalileta kwenu.

Walikuwa marafiki wanne. Walijuana wakisoma Chuka, wasichana wawili wa upande wa Embu na wavulana wawili wa upande wa Meru, na masomo yalipokwisha hawakuachana. Walianzisha chama chao, kila mmoja akitoa alichoweza kila mwezi: muuguzi, mwalimu, mwenye duka la spea za pikipiki, na mmoja anayenunua makadamia kwa wakulima na kuyauza. Kwa miaka mitatu waliweka akiba ya kwenda kuiona Ulaya, begi mgongoni, wakisafiri kwa basi na treni na kulala katika hosteli za bei nafuu, zile ambazo wageni wanane hulala chumba kimoja. Wazee wachache waliguna kwamba pesa hizo zingenunua shamba. Mimi nilifurahi, nikawabariki mbele ya altare. Wamisionari wa Consolata walitoka Turin wakafika Kenya mwaka 1902, na baadaye wakaja huku kwetu. Niliona ni jambo jema watoto wetu nao wakaione nchi ambayo mapadri wale waliiacha.

Walianzia Roma, wakaenda Firenze. Siku ya kuondoka Firenze, mizigo ikiwa tayari imepakiwa kwenye basi la kwenda Venice, muuguzi, binti wa mama yule, alishuka kununua maji. Alipotia mkono kwenye mkoba wake alikuta umefunguliwa. Pasipoti, ambayo viza ilikuwa ndani yake, haikuwemo, wala pesa zake zote. Basi lilikuwa linaondoka baada ya dakika chache na nauli hairudishwi. Wavulana wakasema watangulie, wamsubiri Venice. Mwalimu, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, aliinuka akashuka.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa mwalimu huyo, kwa sababu mwenzake hapendi kuyasimulia. Walikwenda polisi kuandikisha wizi, lugha ikawashinda, wakaeleza kwa ishara. Wakarudi Roma kutafuta ubalozi wetu, wakafika Ijumaa jioni, ofisi imefungwa hadi Jumatatu. Usiku wa kwanza walikaa stesheni, mmoja akilala, mwingine akilinda. Jumamosi asubuhi waliingia kanisani kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda, na hapo mtawa mmoja Mwafrika akawasikia wakisemezana Kiswahili. Alikuwa mzaliwa wa Igoji. Jioni hiyo walikula ugali wa unga wa njano, ule ambao Waitaliano huuita polenta, na mwalimu anasema hajawahi kula chakula kitamu kama kile. Walikaa kwa watawa hao hadi hati ya dharura ya kusafiria ilipopatikana na ndugu huku nyumbani walipochanga nauli mpya. Siku zote hizo picha kutoka Venice na Vienna ziliendelea kuingia kwenye kundi lao la WhatsApp.

Mtume Paulo naye aliingia Ulaya akiwa na marafiki. Someni Matendo ya Mitume kuanzia sura ya 16: walivuka bahari kutoka Troa hadi Makedonia, Paulo, Sila na Timotheo, na ghafla msimulizi anaanza kusema "sisi", ishara kwamba naye yumo safarini. Filipi, Paulo na Sila walichapwa viboko na kufungwa miguu kwenye mkatale. Thesalonike walitoroshwa usiku. Athene Paulo alijikuta peke yake, akiwangoja wenzake. Alipowaandikia Wakorintho waraka wa pili alikuwa ameshavunjikiwa na merikebu mara tatu, na ile iliyovunjika Malta ilikuwa bado haijafika.

Katika ajali hiyo ya Malta kuna jambo dogo ambalo wahubiri tumezoea kulipita haraka. Ni usiku wa manane, tufani siku ya kumi na nne, na mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanateremsha mtumbwi, wakijifanya wanakwenda kutia nanga upande wa mbele. Nia yao ni kukimbia. Hawakuwa watu wabaya, na kazi waliijua kuliko wote merikebuni. Ndiyo maana walijua hatari ilivyokuwa. Paulo anamwambia jemadari kwamba watu hao wasipobaki, waliosalia hawataokoka, na askari wanazikata kamba, mtumbwi unaanguka baharini mtupu. Asubuhi merikebu inapasuka. Wanaojua kuogelea wanatangulia, wengine wanafuata juu ya mbao na vipande vya chombo, na watu wote 276 wanafika ufukweni. Nawaomba muutazame mtumbwi ule mtupu ukipotea gizani. Nafasi ya kutangulia ilikuwepo, na ilionekana ya busara kabisa.

Na sisi wa nchi hizi tunayo habari yetu, iliyotokea si mbali na hapa. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba aliyeongoza misafara ya pembe hadi Mombasa. Akiwa huko, tarehe 3 Desemba, aliuona mlima wetu, Mlima Kenya, kwa mbali, na watu wa Embu wakamweleza kwamba hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Mwaka 1851 alirudi, na Kivoi akakubali kumpeleka hadi mto Tana, ambao ng'ambo yake ni nchi ya Wambeere. Karibu na mto huo wanyang'anyi waliwavamia. Kivoi aliuawa pamoja na watu wake. Krapf alikimbia porini, akatangatanga peke yake kwa njaa na kiu, na alipopata maji aliyabeba ndani ya mitutu ya bunduki yake na ndani ya mfuko wa darubini. Aliporudi kwa watu wa Kivoi hakupokewa kama mtu aliyenusurika. Walimlaumu na kumtilia shaka, na ikambidi atoroke tena usiku ili afike Rabai akiwa hai.

Vitabu vingi humtaja Krapf kwa ajili ya mlima. Mimi hufikiri zaidi juu ya nyumba ya Kivoi, siku mgeni alipotokea peke yake. Simhukumu Krapf, mishale ikiruka, mtu hukimbia. Lakini wale ndugu wa Kivoi walikuwa na haki ya kuuliza mwenzao ameachwa wapi. Huku kwetu msafiri akirejea, macho huhesabu kwanza waliorudi kabla ya kutazama alicholeta. Na swali lenyewe ni la zamani kuliko milima hii: katika Mwanzo sura ya 4, Mungu anamuuliza Kaini aliko ndugu yake, na Kaini anajibu kana kwamba haimhusu.

Ninayaandika haya nikiwa na deni langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi wa seminari, sisi watano tulipanda mlima kwa njia ya Chogoria. Wameru huuita Kirimaara, Waembu Kirenyaa, na kila asubuhi ya utoto wangu niliutazama nikisema nitafika. Usiku wa mwisho tulilala Minto, zaidi ya mita 4,000 juu. Mwenzetu mmoja alianza kutapika, kichwa kikimpasua, maneno yake yakipishana. Ugonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka, na kushuka mara moja. Tuliambiwa hivyo kabla ya kuanza safari. Saa tisa usiku tulisimama mlangoni na tochi. Mmoja alisema yeye angebaki naye. Mimi nilisema kilele cha Lenana kiko karibu, tutarudi kabla ya saa nne. Nilikwenda. Nililiona jua likichomoza kutoka mita 4,985, na hadi leo sijaona kitu kizuri kama kile. Tuliporudi Minto tulikuta mablanketi matupu. Mpagazi na yule aliyebaki walikuwa wamemshusha gizani, wakimshika huku na huku kwenye kingo za bonde. Alipona, na leo ni padri kama mimi. Tumekutana mara nyingi, tumeadhimisha misa pamoja, na hajawahi kuligusa jambo lile. Nilikuja kumwomba msamaha mwaka huu tu, baada ya kumsikia mama yule langoni. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza jua lilikuwaje.

Nasema hivi kwa sababu najua wavulana wale wanavyolala. Anayeachwa hulia, akafarijiwa, na habari yake husimuliwa vizuri. Aliyeacha hubaki na picha nzuri asizoweza kumwonyesha mtu.

Marko aliacha. Alikuwa na Paulo na Barnaba, na walipofika Perge ya Pamfilia aliwaacha akarudi Yerusalemu. Matendo hayasemi kwa nini. Barnaba alipotaka wamchukue tena, Paulo alikataa kabisa, wakagombana hadi wakatengana. Nimempenda Paulo maisha yangu yote, na katika jambo hilo naamini Barnaba ndiye aliyeona vyema. Nadhani Paulo mwenyewe alikuja kuona hivyo. Soma mwisho wa waraka wa pili kwa Timotheo. Amefungwa, amebaki na Luka tu, majira ya baridi yanakaribia, na anaeleza kwa huzuni kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Katika mistari hiyohiyo anaomba vitu vichache. Aletewe joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo. Aletewe vitabu. Na Timotheo aje na Marko, kwa maana anamhitaji.

Joho na Marko, katika ombi moja. Mzee aliye gerezani anahisi baridi, anakumbuka nguo aliyoiacha njiani, na anamkumbuka mtu.

Jumatano usiku yule kijana wa makadamia alinipigia simu kutoka Nkubu. Begi bado liko kwake, chini ya kitanda, halijafunguliwa tangu Vienna. Ndani yake kuna sweta ambalo mama alimfumia binti yake kwa ajili ya safari. Alitaka kulituma kwa matatu, dereva aliache Runyenjes. Nilimwambia matatu hubeba mizigo, na hubeba watu pia. Alinyamaza, nikasikia redio nyuma yake. Akauliza kama mwenzake bado amekasirika, nikamjibu kweli: amekasirika, na juzi aliniuliza habari zake.

Jumamosi atapanda gari la asubuhi. Atapita Daraja la Nithi, pale ambapo abiria wote hunyamaza, na Chuka walikosomea, na mto Thuci. Muuguzi anamaliza zamu saa sita. Mama yake amesema atapika, bila kusema anampikia nani. Kijana ameniomba nimngojee steji, kwa sababu anaogopa kulifikia lile lango akiwa peke yake. Nitakuwepo tangu saa nne.