Sheria ya Mezani Inamwangukia Nani?

Ukirusha dadu likatulia kwenye moja, upanga unakuponyoka mkononi. Ukiisikia sheria hii kwa mara ya kwanza unaipenda papo hapo, kwa kuwa ina kicheko ndani yake. Shujaa aliyekuwa akijitapa mbele ya joka sasa anainama kuokota silaha matopeni, na meza nzima inashangilia. Haimo katika kitabu cha mchezo. Imeletwa na mwenye meza, naye huitetea kwa sentensi moja: inamhusu kila mtu, kwa sababu sote tunarusha dadu lile lile la nyuso 20.

Sentensi hiyo ndiyo inayonisumbua, ndani ya mchezo na nje yake.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii, nitaeleza kwa ufupi. Dungeons & Dragons, mkongwe wa michezo ya kuigiza mezani, ulitoka Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota. Watu wanne au watano wanaizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi, kuhani. Ila mmoja wao, yule mwenye meza, tumwite msimulizi, hana shujaa wake. Yeye anaieleza dunia ya kisa, anawaendesha maadui na wenye maduka na wafalme, na anaamua kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani. Penye shaka, kama vile pigo limempata adui au limekwenda na upepo, dadu linaamua. Hakuna anayemshinda mwenzake. Kikao kimoja kinakula jioni nzima, na kisa kimoja kinaweza kuendelea mwaka au zaidi, mashujaa wakipanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 20.

Sisi hucheza Jumamosi, hapa Dar es Salaam, nyumbani kwa rafiki yetu mmoja, na mimi hucheza mchawi. Sheria ya moja ililetwa kwetu kwa nia njema kabisa. Miezi ikapita. Jioni moja ndugu yetu anayecheza mpiganaji aliweka dadu chini akamwambia msimulizi, "Kaka, sheria yako inanipiga mimi peke yangu." Msimulizi alishangaa kwelikweli. "Si inampiga kila mtu, ndugu yangu? Hata mazimwi yangu yameangusha marungu."

Tuhesabu basi. Dadu la nyuso 20 huonyesha moja, kwa wastani, mara 1 katika kila mara 20, yaani asilimia 5. Mpiganaji mchanga wa ngazi ya 1 ana pigo moja kwa raundi, kwa hiyo nafasi yake ya kuponyokwa ni hiyo asilimia 5. Akifika ngazi ya 5 kitabu kinampa pigo la pili, ngazi ya 11 la tatu, na ngazi ya 20, kilele cha mchezo, la nne. Hiyo ndiyo tuzo yake ya kukomaa. Lakini kila pigo lina mrusho wake, na kila mrusho una moja yake. Kwa mapigo mawili nafasi ya kuponyokwa inakaribia asilimia 10. Kwa matatu inapita 14. Kwa manne inapita 18. Sasa, raundi moja katika mchezo huu ni sekunde 6. Maana yake ni kwamba kuruta aliyeanza jana ataangusha upanga mara moja kwa kila dakika mbili za mapigano, na bingwa anayesifiwa katika falme zote atauangusha takriban kila nusu dakika. Kadiri anavyozidi kuujua upanga ndivyo unavyozidi kumkimbia.

Na mimi mchawi? Nikiurusha mpira wa moto, sirushi dadu la kulenga. Adui ndiye anayerusha, kuona kama ameweza kukwepa. Miezi yote ile sheria ilikuwa ikinipita kando. Kwa maneno yake, sheria ilikuwa moja kwa wote. Kwa uzito wake, mmoja alikuwa akiilipa mara nne na mwingine halipi hata senti.

Na hoja ya mazimwi nayo haisimami. Zimwi linaingia ukumbini, linapigana raundi tatu, linakufa. Likiangusha rungu limepoteza nini? Lilikuwapo kwa ajili ya jioni ile tu. Shujaa yupo kila Jumamosi, kwa hiyo bahati mbaya ina muda wa kutosha wa kumfikia. Hapo ndipo sheria za majeraha, zile zinazosema pigo kuu humkata mtu mkono au kumtoboa jicho, zinapokuwa katili kuliko zinavyoonekana. Zimwi la mkono mmoja lilikuwa linakufa hata hivyo. Shujaa wa mkono mmoja ana mwaka mzima wa kuishi hivyo. Gygax mwenyewe aliliona hili. Katika mwongozo wa wasimulizi wa mwaka 1979 alizikataa sheria za namna hiyo, akihoji kuna haja gani ya kuongeza vilema na vifo vya ghafla katika mchezo usio na mwisho, ambao watu wamewalea wahusika wao kwa mapenzi.

Sisemi haya ili kukitukuza kitabu. Toleo la kwanza la mwaka 1974 lilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, vyenye matundu mengi, na mwishoni waandishi waliwahimiza wasomaji waamue wenyewe mambo yaweje. Kila meza ikaziba matundu yake kwa namna yake. Miaka mitano baadaye Gygax huyo huyo alikuwa akihimiza meza zote zicheze kwa kanuni zinazofanana. Kati ya hao wawili mimi namfuata yule wa 1974, kwa kuwa mezani ndipo kanuni nyingi nzuri zilipozaliwa. Chukua dawa ya kuponya majeraha. Kwa kitabu cha mwaka 2014, kuinywa kuligharimu tendo lako zima la raundi: umekunywa, basi, wengine wanapigana na wewe unatazama. Meza nyingi ziliona jambo hilo linamkalisha mtu bure, zikaruhusu dawa inywewe kwa tendo dogo la ziada, mtu abaki na pigo lake. Toleo la 2024 likaiingiza ruhusa hiyo kitabuni. Sheria ile ilimwongezea kila mmoja zamu ya kucheza, na aliyekuwa taabani ndiye aliyefaidi zaidi. Hapo sina ugomvi na mwenye meza.

Mamlaka ya mwenye meza yenyewe yana historia ndefu kuliko mchezo huu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wa vita wenye ramani, madadu na majedwali ya hasara, na ofisa mmoja akisimama kama mwamuzi. Majedwali yakawa mzigo. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Verdy du Vernois, akatetea njia nyingine: mwamuzi aachwe aamue kwa uzoefu wake. Njia hiyo ilikuwa na mantiki, kwa sababu mwamuzi angeweza kuwa mtu aliyeiona vita kwa macho yake. Katika michezo yetu hakuna aliyewahi kupambana na joka. Msimulizi hana uzoefu wa kutuzidi. Mamlaka yake yote yanatokana na sisi kumwamini, na imani hiyo inaweza kuisha katika jioni moja.

Huisha haraka zaidi sheria inapobadilika katikati ya mchezo. Nimemwona mchezaji akipanga mtego kwa saa nzima, kitabu mkononi, kila hatua amehesabu, na mtego ulipokaribia kufyatuka akaambiwa kwamba kwenye meza hii uchawi ule haufanyi kazi hivyo. Labda msimulizi alikuwa na hoja. Labda uchawi ule kweli ulizidi kipimo. Lakini mtu aliyejenga juu ya msingi uliokuwapo ana haki ya kumaliza jengo lake. Ushindi wake wa jioni ile ungeheshimiwa, halafu wiki inayofuata, chai ikiwa mezani na madadu yakiwa mfukoni, sheria mpya ijadiliwe. Mgeni naye asisahaulike. Binti mmoja alipojiunga nasi alikuta nusu ya kanuni zetu zimo vichwani mwa wazee wa meza, na kila alipokosea alisahihishwa kwa jambo ambalo hangeweza kulijua. Siku hizi kanuni zote za mezani zimeandikwa kwenye daftari moja, na daftari hilo hukabidhiwa mgeni kabla ya dadu.

Kuna aina ya bahati ambayo watu huichanganya na haki, nayo ni ile ya siku ya kumwumba mhusika. Kwa desturi ya zamani unarusha madadu matatu ya nyuso sita kwa kila sifa: nguvu, wepesi, akili na nyinginezo, jumla sita. Wote wanarusha madadu yale yale, kwa hiyo inaonekana hakuna wa kulalamika. Lakini pigo likikosa, bahati mbaya hiyo imeisha ndani ya raundi. Sifa zikiwa duni, unazibeba mwaka mzima, kila Jumamosi, ukikaa karibu na mwenzako ambaye dadu lilimpendelea kwa dakika tano tu. Napenda sana sheria ya mezani inayosema kila mmoja arushe, kisha mtu yeyote aruhusiwe kuchukua safu ya namba ya mwenzake. Msisimko wa kurusha unabaki, na aliyebahatika anabahatika kwa niaba ya wote.

Nikitoka mezani naikuta sentensi ile ile kwingine. Katika kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu, faini ya kuchelewa ni sawa kwa wote, na imeandikwa kwenye katiba yao. Mkutano ni saa kumi na moja jioni. Anayekaa nyumba ya tatu hajawahi kulipa hata mara moja. Anayeuza samaki na kufunga genge saa kumi na moja, kisha kugombania daladala, hulipa karibu kila wiki, na wenzake wameanza kumwita mzembe. Hajapungukiwa na nidhamu. Kinachomlipisha ni saa ya mkutano, na saa hiyo ilichaguliwa na watu ambao haikuwagharimu kitu. Ukiwauliza watakwambia, tena kwa moyo safi, kwamba sheria inamhusu kila mtu.

Wengi hudhani dawa ya mambo haya ni kura. Mimi siamini, angalau kura peke yake. Siku ile mpiganaji wetu alipolalamika tungepiga kura, na sheria ya moja ingeshinda kwa urahisi, maana sisi wengine tulikuwa tunaifurahia na hatukuwa tunailipa. Katika kikoba vivyo hivyo: wanaokaa karibu ni wengi kuliko wanaotoka mbali. Msimulizi wetu alifanya jambo ambalo nimelistahi tangu siku ile. Alimwomba mpiganaji aeleze hesabu yake polepole, akachukua kalamu akaifuata namba kwa namba, kisha akamwuliza: "Wewe ungetaka iweje, kaka?" Jibu lilikuwa dogo kuliko tulivyotarajia. Hakutaka sheria ifutwe. Alitaka moja ihesabiwe kwenye pigo la kwanza tu la kila raundi, ili bingwa asiaibike zaidi ya kuruta, na wachawi nao wabuniwe hatari ya kwao. Kumbe hata yeye alikuwa akiupenda ule mchezo wa kuokota upanga matopeni.

Hilo la wachawi lilinigusa mimi moja kwa moja. Sasa adui akikwepa uchawi wangu kwa kupata 20 kamili, uchawi unanirudia, nami nimeshaunguza kanzu yangu na ndevu za kuhani wetu. Nasema bila kinyongo kwamba mchezo umekuwa mtamu zaidi tangu nilipoanza kulipa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wewe unayesimamia meza, iwe ya madadu au ya kikoba, au unayetunga kanuni za nyumba yenye watu wengi. Chukua sheria moja unayoipenda, ile unayojivunia kwamba haibagui. Hesabu ni nani ameilipa katika miezi mitatu iliyopita, na mara ngapi. Ukikuta jina moja linajirudia, usimwite mwenye jina hilo mzembe wala mlalamishi. Mwite mkae, mpe kalamu, umwulize angetaka iweje, na umwulize kabla hujawauliza wengine.