Ukiitwa Kuwa Shahidi



Kitabu cha Walawi, sura ya 5, aya ya kwanza, kinataja kosa la mtu ambaye hakuiba wala hakuua. Aliona, au alijua habari, akasikia watu wakiitwa waje kusema, akanyamaza. Mungu anamhesabia hatia. Mahubiri juu ya mashahidi wa uongo waliomponza Nabothi tumeyasikia mara nyingi. Juu ya huyu anayenyamaza tumesikia machache, na kwetu Singida huyu ndiye tuliye naye kwa wingi.

Mkoa wetu una habari yake. Kati ya mwaka 1946 na 1948, katika nchi ya Wanyaturu, watu wengi walikutwa wameuawa na kuraruliwa, ikadhaniwa ni simba. Baadaye mauaji hayo yalichunguzwa kuwa kazi ya watu, na washtakiwa kadhaa wakahukumiwa kunyongwa. Lakini angalieni: simba haitwi mahakamani. Maadamu aliyeona hasemi, lawama hubaki juu ya simba, na mwenye damu mikononi huendelea kusalimiana nasi sokoni.

Simba wa siku hizi ni neno hili, "tumeshamalizana nyumbani." Binti anabakwa, wazee wanakaa, ng'ombe wawili watatu wanahama zizi, na siku ya kesi mashahidi hawaonekani. Wengine hutia na dini ndani yake, wakisema Bwana ametuagiza kusamehe. Ndugu zangu, hapo tunachanganya mambo mawili. Kusamehe ni kwako. Kesi si yako. Sikilizeni inavyosomwa katika Mahakama ya Wilaya: Jamhuri dhidi ya fulani. Jamhuri ndiyo inayoshtaki, kwa kinywa cha mwendesha mashtaka. Aliyetendewa ni shahidi, na mara nyingi ndiye shahidi mkubwa. Waweza kumsamehe mtu moyoni, ukamwombea usiku, na asubuhi ukapanda kizimbani ukasema alichofanya. Tena tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima aliyebaka hafungwi chini ya miaka 30. Zizi zima haliwezi kulifuta kosa hilo. (Katika Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji husimama mwenyewe kueleza shauri lake, lakini kosa kama hili halisikilizwi huko.)

Najua kwamba wengi hukimbia kwa kutoelewa, si kwa ubaya. Mtu ameacha palizi, amelipa nauli, anafika anaambiwa kesi imetajwa tu, arudi tarehe fulani. Anakasirika, harudi tena. Basi jueni: kesi kutajwa maana yake mahakama inaangalia imefikia wapi, labda upelelezi haujakamilika; kesi kusikilizwa ndiyo siku ya mashahidi. Ukipewa hati ya wito, ile samansi, uliza imeitwa kwa lipi. Na siku ya kusikilizwa usikose, maana aliyeitwa kisheria akakaidi aweza kukamatwa na kuletwa.

Mshtakiwa huitwa mshtakiwa mpaka hukumu itoke, hata kama wewe ulimwona kwa macho yako. Hili huwaudhi watu, lakini ndilo litakalokulinda siku utakaposingiziwa wewe. Hakimu naye, hata awe jirani yako, anahukumu kwa yale yaliyosemwa mbele yake na kuandikwa. Usilolisema halipo. Ukiisha kutoa ushahidi, mshtakiwa au wakili wake atakuuliza maswali ya dodoso. Atakubana. Hakutukani, anapima maneno yako. Kama hukumbuki, sema hukumbuki.

Mashahidi hukaa nje wakingoja zamu, wasisikie mwenzao anasema nini. Desturi hii msione ni ya kizungu. Katika habari za Susana, Danieli aliwatenganisha wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani. Kila mmoja akataja mti wake, na Susana akaokoka.

Torati ilidai mashahidi wawili au watatu. Sheria yetu ya ushahidi haikuweka hesabu. Katika kesi za kubakwa, neno la aliyetendewa peke yake laweza kutosha, hata akiwa mtoto, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu kwamba atasema kweli wala hatasema uongo, na ushahidi wa namna hii husikilizwa faraghani. Kwa hiyo nawaomba akina mama, msimkaririshe mtoto. Nimekaririsha watoto jedwali la kuzidisha maisha yangu yote ya kazi, na namjua mtoto aliyekariri: mkatize katikati, hawezi kuendelea. Mwacheni aseme kwa maneno yake.

Mmoja wenu ameniuliza kama mama anaweza kukaa na mwanawe wakati anahojiwa. Kama mama naye ni shahidi katika kesi hiyo, atangoja nje mpaka zamu yake. Basi tafuteni mapema mtu ambaye mtoto amemzoea na ambaye si shahidi, shangazi au mama mmoja wa hapa kanisani, mwambieni mwendesha mashtaka awaombee ruhusa kwa hakimu. Na nauli ya mtu huyo isiwashinde kusema. Mzee wa kanisa aambiwe.