Rangi Juu ya Vishimo

Ndugu msomaji, hivi mtu akinyamaza amesema uongo?

Mimi ni kijana wa Tinde, pale njia zinapogawana kwenda Nzega na Kahama. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza kupaka rangi malori, halafu fundi wangu akapata kazi ya boti Mwanza, tukaenda. Nikakabidhiwa mguu wa injini, ule unaozama majini na kubeba pangaboi. Ni wa aluminiamu: hauoti kutu nyekundu, unaota unga mweupe na vishimo chini ya rangi. Kazi ya haki ni kukwangua, kupiga msasa mpaka metali ing'ae, kupaka rangi ya msingi, ndipo ya juu. Rangi yenye shaba ni mwiko, inaitafuna aluminiamu. Na kile kipande cha magnesiamu kilichofungwa pembeni hakipakwi kabisa. Kimewekwa kiliwe chenyewe ili mguu usiliwe.

"Dogo, puliza tu, mteja anakuja saa nane."

Nikapuliza vyote, hata kile kipande. Vikang'aa kama vyombo vya harusi!

Mteja, mzee mvuvi wa upande wa Geita, akapitisha kiganja. "Kazi nzuri, mwanangu." Nikaitikia, "Shikamoo." Basi.

Utaniambia mimi nilitumwa. Sawa, lakini fundi hakuviona vile vishimo, niliviona mimi. Na yule mzee hakuniuliza kitu, eti ndiyo nafuu yangu. Usiku naandika riwaya yenye shujaa mkweli kupita kiasi, na nyuma ya daftari hilohilo ipo namba ya simu ya mzee.