Baraza la Starehe

Kengele ya shule inakaribia kulia, na mahali fulani mwalimu mkuu anapanga maneno ya kuwaambia watoto. Leo namwomba asikilize kwanza.

Mwaka 1959, jijini Nairobi, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha Starehe katika vibanda viwili vya bati, kuwahifadhi wavulana wasio na makao. Griffin alikiongoza hadi alipofariki mwaka 2005. Mimi hukikumbuka kwa baraza lake. Wanafunzi walikusanyika, na mvulana yeyote aliweza kusimama akasema linalomkera: chakula, adhabu, hata kiranja aliyemwonea. Naye mkurugenzi alijibu mbele ya wote.

Tunausifu ujasiri wa mtoto anayesimama, na anastahili. Lakini mtu mzima anayeketi akaambiwa kosa lake hadharani, asinune, asilipize kisasi kesho yake, huyo ana kazi ngumu zaidi. Maneno yanamchoma moyo. Na watoto wanamtazama usoni.

Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 nchini Kenya zilichomwa moto na wanafunzi wake. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo iliyotajwa tena na tena ni kwamba hapakuwa na wa kuwasikiliza.

Mwalimu mkuu, kusikiliza huko kuanze na walimu wako: kabla ya gwaride la leo, ingia ofisi yao bila faili mkononi. Waulize wameamkaje. Kisha keti, usubiri jibu.